Jiko chumbani: fundi na muuguzi wakae darasa moja

Baridi imeingia Njombe na Makete, na maswali ya wasomaji yameingia nayo. Mengi yanahusu jiko la mkaa chumbani, na mengi yanaanza na "nimesikia". Nimesikia beseni la maji kando ya jiko hunyonya sumu. Nimesikia gesi ni nzito, hukaa chini, kwa hiyo aliye kitandani hana shida. Nimesikia maziwa husafisha damu. Nimesikia mkaa ukishakolea hauna madhara.

Yote si kweli. Sumu yenyewe, gesi ya kaboni monoksaidi, haiyeyuki majini ila kidogo mno. Uzito wake unakaribiana na wa hewa, hivyo huchanganyika nayo chumba kizima, sakafuni na kitandani sawia. Maziwa huenda tumboni, gesi imepita mapafuni. Na wale wanaouza stendi chupa za "kuondoa sumu mwilini" wanachoondoa ni pesa.

Hilo la mkaa kukolea ndilo linalonikera zaidi, maana ni kinyume kabisa. Chini ya jiko, penye tundu la kuingizia hewa, mkaa huungua vizuri na kutoa kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo hupanda ikipita katikati ya makaa mekundu, na humo kila molekuli hunyakua atomu moja ya kaboni kutoka kwenye kaa. Imeingia molekuli moja ya kaboni dayoksaidi, zimetoka mbili za kaboni monoksaidi. Moshi umeisha, harufu imeisha, wenyewe wanasema sasa liko tayari, wanaliingiza ndani na kufunga mlango.

Himoglobini ya damu ni teksi yenye siti nne za oksijeni. Kaboni monoksaidi huzing'ang'ania siti hizo kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na haishuki upesi: kwa anayevuta hewa ya kawaida, hupita saa nne hadi tano kabla nusu yake haijatoka. Mbona basi mtu haamki? Mwili hushtuka kaboni dayoksaidi inapozidi kwenye damu, au oksijeni iliyoyeyuka humo inaposhuka. Hapa kaboni dayoksaidi inatoka kama kawaida, na oksijeni iliyoyeyuka iko palepale. Iliyopungua ni ile iliyobebwa na himoglobini, na hiyo mwili hauna namna ya kuihesabu. Mtu hapaliwi wala hakohoi. Ndiyo maana familia ikikutwa imekufa, mlango umefungwa kwa ndani na hakuna jeraha, mtaa mzima huanza kutaja wachawi.

Anayenusurika hufika zahanati akilalamika kichwa na kichefuchefu. Anapimwa malaria. Kile kipimo cha oksijeni kinabanwa kidoleni, kinasoma 98, kila mtu anaridhika. Kipimo hicho hutambua oksijeni kwa rangi ya damu, na damu iliyobeba kaboni monoksaidi nayo ni nyekundu, kwa hiyo sumu inahesabiwa kuwa oksijeni. Swali moja lingefaa kuliko mashine hiyo: nyumbani nani mwingine anaumwa kichwa, na usiku mlilala na jiko?

Muuguzi haulizi hivyo kama hakufundishwa, na fundi naye hajui alichokiziba. Nyumba za zamani zilikuwa na uwazi kati ya ukuta na paa. Siku hizi tunapiga silingi ya jipsamu, tunaweka madirisha ya alumini, chumba kinabana kama chupa. Mtu wa kampeni ya malaria anakuja na kusema zibeni uwazi huo, mbu wanapita hapo, na hakosei. Utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa 2009 ulionyesha kwamba nyavu kwenye milango, madirisha na silingi hupunguza mbu ndani, na watoto wenye upungufu wa damu pia. Lakini wavu huzuia mbu na kupitisha hewa. Saruji huzuia vyote viwili. Fundi aliyeambiwa "ziba" bila kuelezwa sababu atachukua saruji.

Marekani taasisi ya National Center for Healthy Housing imekuwa ikiwafundisha pamoja wauguzi, maafisa afya na wakaguzi wa nyumba. Sisi watu tunao. Kenya ilizindua wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 mwaka 2023. Tanzania mwaka 2024 ilianza mpango wa kuwafikisha zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Hawa ndio wanaoingia hadi jikoni. Wapewe japo siku mbili darasani na wanafunzi wa ujenzi wa vyuo vya ufundi vya VETA, jiko likiwa katikati.

Ushauri, upesi: jiko libaki nje, na dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi. Ukimkuta mtu amelegea, fungua mlango, mtoe, mkimbize hospitali yenye oksijeni na utaje jiko. Oksijeni safi kwa barakoa hupunguza zile saa nne au tano hadi saa moja au moja na nusu. Mjamzito asisubiri hata akijisikia nafuu, kwa kuwa damu ya mtoto huishika gesi hii muda mrefu kuliko ya mama.

Na kama unajenga, kabla silingi haijapigwa muulize fundi hewa itapita wapi usiku. Akikosa jibu, usimlipe bado.