Umeipata kwa nani? Swali la Maalim lililonirudisha maktabani

Nilipokuwa najiandaa kuondoka Pangani kwenda kuanza mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baba aliuza mbuzi wawili akaninunulia simu janja. Hakukusudia anasa. Alikuwa ameambiwa kwamba siku hizi vitabu vimo simuni, naye hakutaka binti yake abaki nyuma ya wenzake. Mama alinifungia kanga na msahafu mdogo, akaniusia swala. Maalim wangu wa madrasa, aliyenifundisha alifu nikiwa na miaka 5, aliniusia neno moja tu: nisome.

Neno hilo nilidhani nimelielewa. Nani katika sisi asiyejua kwamba wahyi wa kwanza uliomshukia Mtume wetu (SAW) katika pango la Hira ulianza kwa amri ya kusoma? Na Mlimani si mahali pa kukosa vya kusoma. Maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2018 ina nafasi za wasomaji 2,100 na uwezo wa kuhifadhi vitabu 800,000. Siku ya kwanza nilipoingia humo nilisimama mlangoni kwa muda, nikamkumbuka Maalim na juzuu zake zilizochakaa. Kisha zikapita wiki sita bila kurudi.

Mwaka wa kwanza una mtihani wake ambao haumo katika ratiba, nao ni uhuru. Hakuna anayekugongea mlango kwa ajili ya Alfajiri. Muhadhara una mamia ya wanafunzi, na mhadhiri hawezi kujua nani amekuja na nani amelala. Katika uhuru huo simu ilinikuta sina mlinzi. Nilijiunga na kundi la kozi, la bweni, la watokao Tanga, la akina dada wa Kiislamu na mengine mengi. Baada ya Isha nilikuwa nikiichukua simu ili nitazame muhtasari wa somo. Nikija kuinua kichwa, usiku wa manane umefika. Alfajiri ikawa inanikuta nimezama usingizini. Jaribio la kwanza la somo la Historia nilipata alama 7 kati ya 20.

Nafsi ilinitafutia udhuru. Iliniambia kwamba sipotezi muda kama wengine, kwa kuwa mengi niliyoyasoma na kuyasambaza yalikuwa mawaidha. Usiku mmoja nikasambaza katika makundi yote yale maneno mashuhuri yanayohimiza elimu itafutwe hata ikiwa China, yakiwa yamepambwa kwa maua na kunasibishwa na Mtume (SAW). Maalim, ambaye mwanawe alimuunga katika kundi la mtaa wetu, alinipigia asubuhi.

“Mwanangu, hadithi hii umeipata kwa nani?”

“Nimetumiwa, Maalim.”

“Na aliyekutumia, kaipata kwa nani?”

Nikanyamaza. Hakunigombeza. Alisema tu, “Nenda ukatafute, kisha unijibu.”

Ilinichukua siku tatu, baina ya maktaba na vitabu vya msikiti, nikisaidiwa na dada mmoja wa mwaka wa tatu anayenizidi Kiarabu. Nilikuta kwamba Imam al-Bayhaqi, aliyefariki mwaka 458 Hijria, aliyataja maneno hayo akaeleza kuwa ni mashuhuri lakini sanadi yake ni dhaifu. Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 597 Hijria, aliyaingiza katika mkusanyiko wake wa hadithi za kuzuliwa. Maana ya maneno ni njema, lakini uzuri wa maana hautupi ruhusa ya kumbebesha Mtume (SAW) jambo ambalo halikuthibiti kwake. Sote tunajua onyo lake kali kwa mwenye kumzulia.

Katika kutafuta huko nilikutana pia na habari ya Swahaba Jabir bin Abdillah (RA), aliyenunua ngamia akasafiri mwezi mzima hadi Sham, ili tu aisikie hadithi moja kwa Abdullah bin Unays (RA) aliyeipokea moja kwa moja. Yeye alisafiri mwezi kwa hadithi moja. Mimi nilikuwa nimewafikishia mamia ya watu maneno nisiyoyajua asili yake, kwa kidole gumba, nikiwa nimelala. Siku hiyo niliona haya. Nikaandika masahihisho, nikayatuma katika makundi yale yale.

Hapo ndipo nilipoelewa pia jambo lililokuwa likinikera darasani. Mhadhiri alikuwa akipunguza alama kwa kazi isiyotaja marejeo, nami niliona ni usumbufu. Kumbe swali lake na la Maalim ni moja: umeipata kwa nani?

Sisemi simu itupwe. Ratiba hunifikia humo, na sauti ya mama pia. Lakini tuijue tabia yake. Kitabu kina ukurasa wa mwisho. Mtandao umeundwa usiwe nao. Kila unachokitazama sana huletewa mfano wake, kwa sababu wenye mitandao huuza matangazo, na bidhaa wanayoipeleka sokoni ni muda wako.

Nilijiwekea utaratibu kwa nyakati za swala. Baada ya Alfajiri nasoma saa moja kabla ya kuwasha data. Kati ya Alasiri na Magharibi simu huzimwa, nami nakaa kwenye vimbweta na kitabu. Hivyo ndivyo nilivyokimaliza Kusadikika cha Shaaban Robert, mwana wa Tanga mwenzangu, kitabu nilichokuwa nikikijua kwa muhtasari wa mitihani tu. Zipo siku nashindwa. Lakini jaribio la pili nilipata alama 14.

Wazazi wangu, mnapotupigia simu mnatuuliza kama tumekula na kama tumefaulu. Tuulizeni pia: wiki hii umesoma kitabu gani? Maalim huniuliza hivyo kila Ijumaa, na kwa ajili ya swali hilo, Alhamisi usiku huwa nimekwisha kusoma.

Likizo ya kwanza baba aliniuliza kama simu ile inanifaa. Nilimweleza yote, pamoja na zile alama 7. Alinyamaza kidogo, kisha akasema mbuzi hawakupotea bure.

Allah (SW) atujaalie elimu yenye manufaa na atubarikie katika muda wetu. Amin.