Ganzi ya miguu isipuuzwe, wala isitibiwe kwa kubahatisha

HUANZA kama jambo dogo. Mtu anaamka usiku wa manane akihisi vidole vya miguu vikimchonyota, kana kwamba sisimizi wanatambaa chini ya ngozi au anadungwa kwa sindano ndogo ndogo. Anaisugua miguu, hali inatulia, naye anarudi kulala. Baada ya majuma kadhaa inarejea, mara hii ikipanda hadi kwenye nyayo, na baadaye vidole vya mikono navyo vinaanza kufa ganzi.

Ganzi inayompata aliyeukalia mguu kwa muda mrefu si ugonjwa. Mshipa wa fahamu ulibanwa, na ukiachiliwa hurejelea kazi yake baada ya dakika chache. Inayotia shaka ni ile inayokuja bila sababu, hasa ikianza katika miguu yote miwili. Aghalabu hiyo ni dalili kuwa mishipa yenyewe inadhoofika, na ile mirefu zaidi, inayofika vidoleni, ndiyo huumia kwanza.

Wengi wakifikwa na hali hii hukimbilia duka la dawa na kuomba vitamini za neva. Huuziwa vidonge vyenye mchanganyiko wa vitamini B1, B6 na B12, na ni nadra kuulizwa wanakula nini au wanameza dawa gani nyingine. Ajabu ni kwamba katika maswali hayo mawili ndimo mara nyingi jibu linamopatikana.

Vitamini B12 ndiyo inayoshukiwa kwanza, na si bure. Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 2.4 pekee kwa siku, kiasi kidogo hata kuliko chembe moja ya chumvi. Lakini bila kiasi hicho, utando unaoizunguka mishipa ya fahamu, mfano wa plastiki inayofunika waya wa umeme, huharibika. Ugali, sukuma wiki, githeri na maharagwe, hata vikiliwa hadi mtu ashibe, havina vitamini hii. Hupatikana katika nyama, maini, samaki, mayai na maziwa. Omena, wanaodharauliwa na baadhi ya watu kuwa chakula cha maskini, wanayo tele.

Ini huweka akiba ya B12 inayoweza kudumu kwa miaka kadhaa. Kwa hivyo aliyeacha nyama na maziwa kwa ajili ya imani au uhaba wa fedha huenda asione dalili yoyote kwa muda mrefu, na zikitokea hazihusishi na chakula chake.

Kuna pia wanaokula nyama kila siku na bado hukosa vitamini hiyo. Ili B12 iingie mwilini, tumbo lazima litoe protini maalum ya kuibeba. Uwezo wa tumbo kuitumia B12 iliyo katika chakula hupungua kwa baadhi ya wazee, kwa waliokatwa sehemu ya tumbo na kwa wanaotumia dawa za kupunguza asidi kwa miaka. Wengine, miili yao yenyewe huzishambulia chembe zinazotengeneza protini hiyo. Ugonjwa huo uliwaua watu hadi mwaka wa 1926, George Minot na William Murphy wa Boston, Marekani, walipoonyesha kuwa wagonjwa waliolishwa maini kwa wingi walipata nafuu. Vitamini yenyewe ilitambuliwa mwaka wa 1948.

Wagonjwa wa kisukari wana mtego wao. Metformin, dawa inayotumiwa na wengi wao, hupunguza B12 mwilini, na mwaka wa 2022 wasimamizi wa dawa nchini Uingereza waliwakumbusha madaktari kuipima. Kwa kuwa kisukari nacho huharibu mishipa, ni rahisi mgonjwa na daktari wake kukubaliana kuwa ni sukari tu. Hata hivyo, dawa hiyo haifai kuachwa bila ushauri.

Kwa wanaotibiwa kifua kikuu, au wanaoishi na virusi vya Ukimwi na kupewa kinga dhidi yake, sababu huwa nyingine. Isoniazid, dawa inayotumika tangu 1952, huipunguza vitamini B6. Ndiyo maana wengi hupewa pia kidonge cha piridoksini, ambayo ni hiyo hiyo B6. Anayekiona kuwa cha ziada na kukiacha hujiletea ganzi.

Lakini B6 ikizidi huleta mchonyoto ule ule. Mwaka wa 1983, madaktari wa Marekani waliripoti kuhusu watu saba waliokuwa wakimeza gramu kadhaa kila siku hadi wakashindwa kutembea vyema. Mnamo 2023, shirika la usalama wa chakula barani Ulaya liliweka kikomo cha miligramu 12 kwa siku kwa mtu mzima, ilhali vipo vidonge vya neva vyenye miligramu 100 au 200. Mnunuzi huona ganzi ikizidi, naye akaongeza vidonge.

Upungufu wa kalsiamu nao huchonyota vidole na pembeni mwa midomo, hasa baada ya upasuaji wa tezi ya shingo. Walevi hukosa B1. Na si kila ganzi ni ya lishe: huenda ikawa kisukari ambacho hakijagunduliwa, au ukoma, iwapo kuna baka lisilohisi kitu. Ikija ghafla upande mmoja wa mwili, huku mdomo ukienda kombo, huenda ni kiharusi na mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja.

Anayekwenda kwa daktari abebe dawa zote anazomeza, na ikiwezekana apimwe damu kabla ya kudungwa B12, kwani sindano hiyo huvuruga matokeo. Asidi ya foliki pekee nayo hudanganya: damu huongezeka huku mishipa ikiendelea kuharibika. Sindano za B12 zikianza mapema, ganzi huondoka polepole kwa miezi. Iliyokaa miaka huenda isiondoke.