Bondo la Sangara: Siri ya Samaki Mkubwa wa Ziwa Victoria

Sangara mkubwa anayevutwa kwa ndoano kutoka kina cha mita 30 mara nyingi hufika juu hoi: tumbo limetuna kama ngoma, macho yametokeza, mfuko wa chakula umebinukia mdomoni. Kinachomponza zaidi ya ndoano ni bondo, mfuko wa gesi ulio chini ya uti wa mgongo.

Sangara aliingizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950. Anaweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200, na majike ndiyo hukua zaidi. Rekodi ya dunia ya uvuvi wa ndoano, ya mwaka 2000, ni ya sangara wa kilo 104 wa Ziwa Nasser, Misri. Mkoani Geita, wanaomtafuta kwa mchezo huenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa mwaka 1977, ambako boti hukokota chambo cha bandia kandokando ya miamba. Mvuvi wa Nkome, mkoani humohumo, hutega migonzo: kamba ndefu yenye ndoano nyingi, kila moja na samaki mdogo.

Kuliita bondo "kibofu cha kuogelea" kunapotosha mara mbili. Kibofu humrudisha msomaji kwenye mkojo, na samaki haogelei kwa kiungo hicho, huelea kwacho. Wanunuzi wa mialoni, wanaolikausha kwa ajili ya soko la China, husema bondo tu. Sayansi haina sababu ya kulikataa neno hilo.

Bondo la sangara halina mlango wa kutokea kooni. Gesi yake, hasa oksijeni, hutoka kwenye damu, na hapo ndipo penye ajabu: oksijeni husukumwa kutoka kwenye damu yenye kiasi kidogo kwenda kwenye mfuko uliokwisha kujaa. Tezi iliyo ukutani mwa bondo humwaga tindikali katika damu. Hemoglobini ikiguswa na tindikali hiyo huachia oksijeni iliyoishika. Lakini damu haisimami. Ingeondoka na oksijeni hiyo kama si fungu la mishipa myembamba ambalo wataalamu walilipa jina la Kilatini lenye maana ya wavu wa ajabu. Neno kimia lisingefaa hapa, kwani kimia hurushwa na kuvutwa. Huu ni wavu unaokaa palepale ukinasa oksijeni inayopita.

Mfano wake ni duara la dhahabu la Geita au Kahama lenye ngazi mbili zinazogusana, moja ya wanaoshuka na nyingine ya wanaopanda. Chini kuna nyapara, ndiye tindikali, anayefungua viroba ili mawe yamwagike. Baadhi ya yaliyomwagika hubebwa na anayepanda, naye huwa na mawe huru mengi kuliko anayeshuka. Basi kila wanapopishana humgawia mwenzake, na huyo huyarudisha chini. Hatua kwa hatua mzigo hupungua, hadi anayetokea juu anatoka na mawe machache kuliko aliyoshuka nayo. Hakuna zamu inayoongeza mengi, lakini kila zamu huongeza, na ngazi ikiwa ndefu makabidhiano huwa mengi zaidi. Mwisho wake ni lundo ambalo hakuna mchimbaji mmoja angeweza kulibeba. Ndivyo bondo linavyojaa.

Kujaa huchukua saa nyingi, na kupungua vilevile, kwa kuwa gesi hurudi kwenye damu polepole. Maji huongeza kanieneo moja ya hewa kila mita 10, hivyo kwenye mita 30 jumla ni nne. Bondo huchukua takriban asilimia 7 ya mwili: kwa sangara wa kilo 50, lita 3 na nusu. Akivutwa hadi juu, gesi hiyo hutaka nafasi ya lita 14.

Kwa hiyo chambo hupitishwa kwenye kina alicho samaki, maana kupanda mbali kwa ghafla humgharimu. Anayekusudia kumrudisha ziwani baada ya kumpima humvua kwenye maji yasiyozidi mita 10. Akitoka kina kirefu, hurudishwa chini upesi kwa kamba yenye uzito, ili maji yalibane tena bondo lake.