Jasho la Akii-Bua ni Somo kwa Vijana wa Arua na Koboko

Vijana wanaoamka alfajiri kukimbia katika barabara za Arua na Koboko hawana budi kumjua John Akii-Bua, polisi wa Uganda aliyezaliwa Lango mwaka 1949.

Katika mazoezi yake aliruka viunzi akiwa amevaa fulana yenye uzito wa kilo 11 hivi. Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, alipangiwa njia ya kwanza, yenye kona kali kuliko zote. Hata hivyo alimaliza mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 48 katika mbio hizo, na Mganda wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki.

Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwemo, zilisusia michezo ya Montreal kwa kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini. Akii-Bua hakupata kulitetea taji lake, na Edwin Moses wa Marekani akaivunja rekodi yake.

Basi kijana na ajitolee akijua kwamba jasho halina mkataba na medali. Nidhamu na mwili uliokomaa ndiyo malipo yasiyonyang'anywa kwa urahisi.