Hisa za Supamaketi na Mwekezaji wa Kayanga
Mkazi wa Kayanga wilayani Karagwe, au wa Murongo wilayani Kyerwa, anaweza kumiliki hisa, yaani sehemu ndogo ya umiliki wa kampuni, za supamaketi ambayo hajawahi kuikanyaga, kwa kuwa Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) hufikiwa kupitia madalali walioidhinishwa. Mfano ulio wazi, na mchungu, ni Uchumi ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1975, ambayo hisa zake zilikuwa tayari kwenye Soko la Hisa la Nairobi, na mwaka 2014 ikaziorodhesha DSE pia, kisha Oktoba 2015 ikafunga maduka yake ya Tanzania na Uganda. Mwaka huohuo wa 2014 Nakumatt, supamaketi nyingine ambayo haikuwa kwenye soko la hisa, ilinunua maduka ya Shoprite nchini Tanzania, nayo baadaye ikaanguka kwa madeni.

Kampuni zikiungana, au moja ikinunua nyingine, hisa za inayonunuliwa mara nyingi hupanda bei, lakini mnunuzi aliyekopa hulipa riba kabla ya gawio, yaani faida wanayogawiwa wanahisa, na akifilisika, wadai hutangulia. Tume ya Ushindani ya Tanzania (FCC), chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, huchunguza muungano ili kulinda ushindani na mlaji. Kumlinda mwenye hisa dhidi ya hasara si kazi yake.