Angani, Pumzi Hutoka Majini

Kituo cha Kimataifa cha Anga huizunguka dunia kilomita zipatazo 400 kutoka ardhini, mahali ambapo hewa ni haba mno kumfaa kiumbe yeyote. Wengi hudhani waliomo huishi kwa mitungi ya oksijeni kama wapiga mbizi. Mitungi ipo, lakini si tegemeo lao la kila siku. Tegemeo ni maji. Mtambo wa Kirusi uitwao Elektron, na mwingine wa Kimarekani uliopelekwa mwaka 2006, hupitisha umeme wa sola majini na kuyavunja kuwa oksijeni na haidrojeni. Kwa hiyo anayetaka kujua wanaanga watapumua hadi lini hana budi kuuliza kwanza maji yao yanatoka wapi na yanapotelea wapi.

Hesabu yenyewe inaipendelea njia hii. Mtu mmoja hutumia takriban kilo 0.84 za oksijeni kwa siku, na karibu asilimia 89 ya uzito wa maji ni oksijeni. Lita moja inamtosha mtu kutwa kucha. Gesi iliyoshindiliwa hudai chombo kizito cha kuhimili shinikizo, ilhali maji hutulia katika mfuko mwepesi, na yananyweka pia. Isitoshe, jasho, unyevu wa pumzi na mkojo husafishwa vikawa maji tena: mwaka 2023 NASA ilitangaza kwamba kiwango cha maji yanayookolewa kimefika asilimia 98.

Asilimia hiyo isitughilibu. Oksijeni iliyovutwa hutoka mapafuni ikiwa imeshikamana na kaboni, yaani hewa ukaa, na ikimwagwa nje imepotea pamoja na maji yaliyoizaa. Dawa yake ni mmenyuko uliopewa jina la mkemia Mfaransa Paul Sabatier: hewa ukaa na haidrojeni, zikipata joto na kichocheo, huzaa maji na methani. Mtambo wa Ulaya uliofikishwa kituoni mwaka 2018 uliundwa kwa kazi hiyo, lakini huokoa karibu nusu tu ya hewa ukaa. Sababu ni kwamba maji yanayotoa oksijeni ya kupumua hutoa takriban nusu tu ya haidrojeni inayohitajika, na methani ikitupwa huondoka na haidrojeni yake.

Yuko atakayeuliza kwa nini wasipande mimea. Saladi imekuzwa kituoni tangu 2014, ila bustani ya kumtosha mtu pumzi ingedai nafasi na taa ambazo kituo hakina. Mwingine atasema mitambo huharibika, na ni kweli: Elektron imegoma mara kadhaa. Ndiyo maana huwekwa akiba ya mikebe ya kemikali inayotoa oksijeni ikiwashwa. Hata hiyo ina hatari yake, kwani mwaka 1997 mkebe mmoja ulilipuka moto katika kituo cha anga cha Kirusi kilichoitwa Mir, kikiwa na watu 6. Akiba huwapa wanaanga muda wa kutengeneza mtambo, haizibi upotevu. Kwa sasa pengo hilo huzibwa na vyombo vinavyopeleka maji na hewa kutoka duniani. Safari ya Mirihi, yenye miezi mingi bila chombo cha kuwafuata, haitakuwa na nafuu hiyo. Kazi iliyobaki, basi, ni kuirudisha haidrojeni iliyonaswa ndani ya methani.