Kumeza Si Kufyonza: Safari ya Dawa Mwilini na Lugha ya Muuguzi wa Kalemie

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa uuguzi mjini Kalemie husoma kwa Kifaransa na huwahudumia wagonjwa kwa Kiswahili. Katika kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine, maana huweza kupotea njiani. Kitenzi cha Kifaransa "absorber", katika mazungumzo ya kila siku, hutumika kwa maana ya kula au kunywa kitu. Katika elimu ya dawa, kitenzi hichohicho hutaja jambo jingine: dawa kupita kutoka mahali ilipowekwa na kuingia katika damu. Asiyetenganisha maana hizo mbili hudhani kwamba mgonjwa aliyekwisha kumeza kidonge amekwisha kupata dawa. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili, kwa kuwa kina vitenzi viwili tofauti, huweza kumkinga muuguzi na dhana hiyo.

2. Vitenzi viwili, watendaji wawili

Tunasema "mgonjwa amemeza dawa", lakini "utumbo unafyonza dawa". Kiima kimebadilika. Kumeza ni tendo la hiari, nalo huisha mara moja. Kufyonza hakutegemei hiari ya mtu, nako huchukua muda. Wapo wanaopendelea "kusharabu", na neno hilo ni sahihi, ila halijazoeleka sana kwa wasemaji wa huku kwetu. Wengine husema "kunyonya". Hilo linamkumbusha mama mzazi mtoto na ziwa, na nomino yake, "unyonyaji", imekwisha kutwaliwa na lugha ya siasa. Kwa sababu hizo tunapendekeza "kufyonza" na "ufyonzaji".

3. Njia ya kidonge

Kidonge hakifyonzwi kikiwa kizima. Sharti kwanza kivunjike na kuyeyuka katika majimaji ya tumbo. Tumbo lenyewe hufyonza kidogo. Kazi kubwa hufanywa na utumbo mwembamba, ambao ukuta wake una mikunjo na vijidole vidogo visivyohesabika vinavyoongeza eneo la kufyonzea. Damu itokayo huko hukusanyika katika mshipa mmoja mkubwa uendao kwenye ini. Msomaji wa Kalemie ana mfano wake karibu: Ruzizi, Malagarasi na mito mingine mingi huingia katika Ziwa Tanganyika, lakini mto unaoyatoa maji hayo ni Lukuga peke yake.

Ini hubadili sehemu ya dawa kabla haijaenea mwilini. Ndiyo maana kwa baadhi ya dawa kipimo cha kumeza huwa kikubwa kuliko cha sindano. Dawa inayotiwa moja kwa moja katika mshipa wa damu haina haja ya kufyonzwa; ile ya msuli bado inayo. Mgonjwa ambaye damu yake haizunguki vizuri huchelewa kufyonza hata dawa ya sindano ya msuli.

4. Mifano kutoka wodini

Tuanze na malaria. Dawa yenye artemeta na lumefantrini hupenda mafuta. Imeonekana kwamba ikimezwa pamoja na mlo wenye mafuta mengi, kiasi cha lumefantrini kinachofika katika damu huweza kuongezeka hata mara 16 kuliko ikimezwa bila chakula. Samaki aliyepikwa kwa mawese, au maziwa, ni sehemu ya tiba. Mgonjwa akitapika kabla ya saa moja kupita, hupewa kipimo kingine, kwa maana alimeza lakini utumbo haukupata nafasi ya kufyonza. Mwenye malaria kali, asiyeweza kuzuia kitu tumboni au aliyepoteza fahamu, huhitaji njia nyingine: tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza artesunati ya sindano kwa watu wazima na kwa watoto.

Maziwa hayohayo yanayosaidia lumefantrini huzuia tetrasiklini, kwa sababu kalsiamu iliyomo hushikamana na dawa hiyo na kuifanya isifyonzwe. Vivyo hivyo chai hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma anayopewa mama mjamzito.

Mfano wa pili ni kipindupindu, ugonjwa unaofahamika sana katika mwambao wetu. Sumu ya vijidudu vyake huufanya utumbo umwage maji mengi, hata maji matupu anayokunywa mgonjwa hayamtoshi. Hata hivyo, mlango mmoja hubaki wazi: ule unaopitisha chumvi na sukari kwa pamoja, na maji hufuata nyuma yake. Mlango huo ulielezwa na mtaalamu Robert Crane mwaka 1960. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa maji yenye chumvi na sukari ya glukosi, na vifo vikapungua kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Mchanganyiko uliokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 una gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida katika lita moja, pamoja na chumvi nyingine mbili. Anayeongeza sukari ili mtoto apende ladha huharibu kazi: maji mazito mno huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza utumboni, na kuhara huzidi.

5. Hitimisho

Agizo la "meza vidonge viwili asubuhi na jioni" hutaja tendo la mgonjwa tu na kunyamazia tendo la utumbo. Tunapendekeza mwanafunzi azoezwe kutaja yote mawili: "Meza dawa hii pamoja na chakula chenye mafuta, ili utumbo uifyonze, ukitapika kabla ya saa moja, rudi utuambie." Maneno hayo ni machache, wala hayahitaji istilahi ngeni. Mama anayerudi nyumbani Kataki au Lubuye huyaelewa, naye ndiye atakayekuwa muuguzi wa mwanawe usiku huo.